Pale Theluji Isiposhika

Mimi ndiye ninayetia sahihi ankara za gesi:
ghorofa ya nne, dirisha la tatu kutoka kwenye lifti,
mjini Kaunas, jengo lililokuwa kiwanda cha soksi.
Januari huja na bahasha nene.
Naipima mkononi kabla sijaifungua,
kama mama apimaye homa kwa kiganja.

Ghorofa saba. Chini, duka la vyakula;
juu yake madaktari wa meno, mawakili, shule ya dansi.
Mawakili hufungua madirisha kwa joto,
madaktari huvaa sweta chini ya makoti meupe,
na shule ya dansi hainung'uniki:
wao hujipasha wenyewe.

Boila letu lina umri wa ndoa ya mama yangu.
Bronius hulijua kwa mlio.
Likikohoa mara mbili, ni vali.
Likinyamaza, kimbia.

Jumanne tuliketi, zabuni tatu mezani.
Wa kwanza alileta picha ya boila jipya, linang'aa kama sufuria ya harusi.
"Mtalipa kidogo leo," alisema,
nami, ambaye kazi yangu ni kesho, nikaandika neno *leo*
nikalipigia mstari.
Wa pili alitaka kutuunga na bomba la mji,
maji ya moto yapitayo chini ya barabara.
Wa tatu angetoboa ua wetu mashimo kumi na mawili,
achote uvuguvugu wa ardhi kutoka mita mia na hamsini,
na magari yetu thelathini yaende wapi, hakusema.

Skaistė, mhandisi, hakugusa karatasi hata moja.
"Joto mlilo nalo," aliuliza, "linakwenda wapi?"
Mwenyekiti Kęstutis akatazama saa:
"Tumekuita utuchagulie, si utuulize."

Bronius alikuwa mlangoni, bisibisi mkononi,
ameitwa kukaza bawaba tu.
Akavaa kofia.
"Njooni."

Kichochoro nyuma ya duka.
Theluji magotini, kila mahali,
ila kipande kimoja, upana wa blanketi la watu wawili:
lami kavu, nyeusi,
paka wawili wamelala kama mikate,
na kwenye msumari, glavu za Bronius.
Juu yao feni za mafriza zilipuliza, zilipuliza.

"Miaka kumi na minne nakausha glavu hapa."
"Na hukusema?"
"Nani aliniuliza?"

Njegere zile, samaki wale wagumu kama matofali,
kila baridi waliyopewa
ni joto walilovuliwa,
nasi tulilimwaga kwa paka
kisha tukaenda kununua jingine.
Nilikua nikisikia kwamba moto huzaa majivu.
Kwamba barafu nayo ina mtoto, na mtoto huyo ni moto,
hilo nilifunzwa na paka.

Usiku ule nilipiga hesabu, kalamu mbili zikaisha wino.
Joto la mafriza, likikusanywa kwa pampu, theluthi moja.
Haitoshi.
Kuziba madirisha ya kiwanda, yale yanayopiga mluzi, theluthi nyingine, karibu.
Bomba la mji kwa siku zile mate yanapoganda.
Na boila linalong'aa, sifuri.
Tulipiga kura: wanne kwa watatu.
Kęstutis hakunisalimu mpaka Pasaka.

Huu ni msimu wa pili.
Bahasha imekonda; naifungua nimesimama.
Mawakili wamefunga madirisha, wanalalamikia kimya.
Kichochoroni theluji imeshika kila mahali,
na paka wamehamia kisandukuni, chumba cha pampu,
Bronius asema hajui nani aliwajengea.

Glavu zake zinakauka juu ya radieta yangu.
Zinanuka paka, zinanuka grisi.
Kila asubuhi nakusudia kuziondoa.